Mpasuaji wa Watoto Wetu Atatoka Nyumba Gani?

Safari hii nimeletewa suala na kijana mmoja wa hapa Buswelu, asomaye kidato cha tano katika masomo ya sayansi. Asema: "Maalim, kila siku twasikia kwamba mabingwa wa kupasua watoto wachanga ni haba. Hospitali ya rufaa tunayo hapa Mwanza, chuo cha udaktari tunacho, na watu wasio na kazi wamejaa mjini. Mbona wasitangaze kazi, wakamwajiri mtu, mambo yakaisha?"

Suala hili ni zuri, na wazee wengi wamelitamka barazani kabla ya kijana huyu. Mimi si tabibu. Elimu yangu ni ya chuoni na ya shule ya msingi. Lakini haya nitakayoyaeleza nimeyauliza kwa wenyewe wanaoyajua, na mengine nimeyasoma, kwani watoto wanaozungumzwa ni wetu, na mwenye mtoto hana ruhusa ya kusema kwamba jambo hili si fani yake.

Yapasa kwanza tujue ni mtu gani huyu anayetafutwa. Wengi hudhani kwamba mpasuaji wa watoto ni mpasuaji wa watu wazima aliyepewa kisu kidogo. Sivyo hata kidogo. Mtoto mchanga wa kilo 3 ana damu ya kadiri ya robo lita mwilini mwake, yaani kikombe kimoja cha chai. Damu ambayo mtu mzima angetokwa nayo na asitetereke, kwa mtoto huyo ni msiba. Joto lake hupotea upesi kama la uji uliomiminwa sahanini. Dawa ya usingizi hupimwa kwa uzito wake, na kosa dogo la kipimo ni kosa kubwa. Mishipa yake ni myembamba kama uzi wa cherehani.

Tena maradhi yenyewe si yale ya wakubwa. Yuko mtoto anayezaliwa utumbo wake ukiwa nje ya tumbo. Yuko asiye na njia ya haja kubwa. Yuko ambaye umio wake haukufika tumboni, kila akinyonya hupaliwa. Wako wenye mgongo wazi, na wenye kichwa kinachojaa maji na kukua kila wiki. Na wako wanaozaliwa wazima kabisa, kisha wakifika miezi mitano au sita utumbo hujiingiza ndani ya utumbo, mtoto akalia kwa vipindi, akatapika, na choo chake kikawa na damu. Mama hudhani ni meno yanaota. Kila moja katika haya lina saa zake, na zikipita hazirudi.

Sasa tumhesabie miaka. Kijana akimaliza kidato cha sita, udaktari ni miaka 5. Kisha mwaka 1 wa kufanya kazi chini ya uangalizi wa wakubwa. Hapo ndipo aitwapo daktari, na bado hajawa mpasuaji. Akishika njia ya Chuo cha Madaktari Wapasuaji wa Afrika Mashariki, ya Kati na Kusini, kijulikanacho kwa kifupi kama COSECSA, upasuaji wa watoto humchukua miaka 5 mingine: 2 ya misingi ya upasuaji na 3 ya watoto hasa. Jumla ni miaka 11, ikiwa hakungojea udhamini, hakufeli mtihani, wala hakupelekwa kwanza kutumikia wilayani. Basi ewe kijana uliyeuliza, ukianza leo na usisimame popote, utashika kisu hicho ukiwa umepita miaka 30.

Hili ndilo jibu la kwanza la suala lako. Tangazo la kazi halizai mtu. Linaloweza kufanya ni kumhamisha. Mwanza ikitangaza ikampata bingwa kutoka Dar es Salaam, mtoto wa Mwanza atapona na mtoto wa Dar es Salaam atakosa mkono. Na Ulaya ikitangaza kwa mshahara wake, sote tutakosa. Kutafutana mabingwa wachache namna hii ni kama wavuvi wawili kuibiana samaki mmoja na kusema kwamba ziwa limejaa.

Nitawapa kisa cha hapa hapa petu. Hospitali ya Bugando, ile iliyo juu ya kilima, ilifunguliwa mwaka 1971, nayo hupokea wagonjwa wa rufaa wa Kanda ya Ziwa nzima. Chuo chake cha udaktari kilianza mwaka 2003. Ilipoonekana kwamba watoto wenye maradhi ya moyo hawana wa kuwapasua nchini, daktari kijana wa Bugando, Dkt. Godwin Godfrey Sharau, alipelekwa katika hospitali ya Wolfson mjini Holon, Israeli, akakaa huko karibu miaka 5 akifundishwa kupasua mioyo ya watoto. Alirejea Tanzania, akahesabiwa kuwa mpasuaji wa kwanza wa Kitanzania wa fani hiyo. Baadaye kazi yake ikawa katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam.

Simlaumu mtu hapa, wala sijui kwamba yuko wa kulaumiwa. Nataka tutazame tu jinsi mambo yalivyo. Kupasua moyo wa mtoto kwahitaji mashine ya kuzungusha damu moyo ukiwa umesimamishwa, na mtu aliyesomea kuiendesha. Kwahitaji daktari wa usingizi wa watoto, wauguzi wa chumba cha uangalizi mkubwa wa usiku na mchana, na benki ya damu isiyokauka. Vitu hivyo vilikusanywa Dar es Salaam. Nahodha hodari ukimpa jahazi lisilo tanga wala baharia, hatasafiri, na hapaswi kulaumiwa akienda kwenye jahazi lililokamilika.

Kwa hiyo hospitali ya kufundishia inayotaka mpasuaji wa watoto haitafuti mtu mmoja, hata kama tangazo lasema mmoja. Waliobobea katika jambo hili waliniambia maneno ambayo sikuyatarajia: ni afadhali kungoja uwapate wawili kuliko kumleta mmoja peke yake. Mmoja hana wa kumpokea zamu. Mtoto akiletwa saa nane za usiku ni yeye, siku ya Idi ni yeye, akiugua mwenyewe hakuna mtu. Hana wa kumwuliza anapotatizwa, wala wa kuwafundisha wanafunzi yeye anapokuwa chumbani kwa kazi. Baada ya miaka mitatu huchoka, akaondoka, na watu wakasema hana uzalendo.

Takwimu nazo zathibitisha kwamba kisu peke yake hakitoshi. Mwaka 2021 jarida la tiba la The Lancet lilichapisha uchunguzi uliofanywa katika hospitali 264 za nchi 74, juu ya watoto waliozaliwa na kasoro za tumbo na utumbo. Katika watoto waliozaliwa utumbo ukiwa nje, nchi tajiri zilipoteza 1 au 2 katika kila 100. Katika nchi maskini kabisa walikufa 90 katika 100. Someni tena hesabu hiyo, ndugu zangu. Ni kasoro ile ile, na mtoto ni yule yule aliyeumbwa na Mola mmoja. Tofauti ni kwamba huko mtoto hupokewa mara anapozaliwa, utumbo ukafunikwa katika mfuko safi, akapewa joto, akalishwa kwa mshipa siku nyingi mpaka utumbo uzinduke. Mpasuaji wetu aweza kuurudisha utumbo vizuri kabisa, kisha mtoto akafa kwa baridi au kwa kukosa chakula cha mshipani.

Ng'ambo ya ziwa letu hili wamejaribu kuyakusanya yote pamoja. Huko Entebbe, Uganda, mwaka 2021 ilifunguliwa hospitali ya upasuaji wa watoto ya jumuiya ya Kiitaliano iitwayo EMERGENCY, iliyoasisiwa na mpasuaji Gino Strada, ambaye alifariki mwaka huo huo. Ramani yake ilichorwa na Renzo Piano, mmoja wa wasanifu majengo mashuhuri duniani, na kuta zake ni za udongo ulioshindiliwa, udongo wa mahali pale pale. (Sisi tukipata fedha kidogo twaona haya kwa nyumba ya udongo!) Ina vitanda 72 na vyumba 3 vya upasuaji. Lililonipendeza zaidi ni kwamba wageni wanaokuja kupasua huwafundisha wenyeji wa kuwarithi.

Na hapa ndipo penye tumaini. COSECSA, iliyoanzishwa mwaka 1999 na yenye ofisi zake kuu Arusha, ni chuo kisicho na kuta. Mwanafunzi hakai darasani Arusha; hubaki katika hospitali iliyokubaliwa, akifundishwa na mabingwa waliomo, kisha hufanya mtihani mmoja na wenzake wa nchi nyingine. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017 uliwafuatilia wapasuaji zaidi ya 1,000 waliosomea katika nchi hizi za Afrika Mashariki, ya Kati na Kusini, ukaona kwamba 85 katika kila 100 walibaki katika nchi walizosomea. Sikuamini nilipolisoma mara ya kwanza, kwa jinsi tulivyozoea kusikia kwamba madaktari wote hukimbilia Ulaya. Kumbe anayelelewa nyumbani, kwa wagonjwa wa nyumbani na lugha ya nyumbani, aghalabu hubaki nyumbani.

Basi ikiwa mpasuaji hulelewa, malezi hayo yaanzia wapi? Hapa sitazungumza tena na hospitali. Nazungumza na nyumba za Waislamu.

Maulamaa wetu wamekubaliana kwamba utabibu ni faradhi ya kifaya: wakiwapo wa kutosha katika mji dhambi huwaondokea wote, na wasipokuwapo mji mzima umebeba dhambi hiyo. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra, yaani 1111 Miladia, alilalamika katika kitabu chake cha Ihyaa, katika mlango wa elimu, kwamba miji mingi ya zama zake haikuwa na tabibu Mwislamu hata mmoja, hali vijana walisongamana katika fiqhi, hasa katika mijadala ya khitilafu. Akauliza, vipi waifanye faradhi iliyokwisha kutimizwa na wengi na kuiacha ambayo hakuna aliyeisimamia? Na huyo alikuwa mwanachuoni wa fiqhi mwenyewe. Mimi ninayewafundisha watoto wenu Juzuu Amma sioni haya kuyarudia maneno yake.

Wala si kwamba fani hii ni ngeni kwetu. Abulqasim Az-Zahrawi wa Andalusi, aliyefariki karibu na mwaka 1013, aliandika kitabu cha At-Tasrif chenye sehemu 30, na ya mwisho ni ya upasuaji, yenye picha za vyombo alivyovitumia. Humo alieleza hata namna ya kumfungulia mtoto aliyezaliwa njia ya haja kubwa ikiwa imezibwa. Kilifasiriwa kwa Kilatini mjini Toledo katika karne ya 12, na Wazungu wakakisoma kwa karne nyingi. Lakini kujivunia Az-Zahrawi bila ya kumpeleka mtoto wako darasa la kemia ni sawa na mjukuu anayehadithia ng'ombe wa babu yake huku maziwa anaazima kwa jirani.

Bugando ni mali ya Maaskofu wa Kikatoliki wa Tanzania, na chuo chake kadhalika. Nayataja haya kwa shukrani. Wamejenga, nasi twatibiwa. Vijana wa dini zote husoma humo. Nimesikia wazazi wakisema kwamba wanachelea kuwapeleka watoto wao kwa sababu ya jina la chuo. Nawauliza: mlipomlaza mama mzazi katika wodi zake mliuliza jina? Mtoto aliyesimama vizuri juu ya sala yake na akhlaki zake haogopewi chuo. Na mzazi asiyeridhika, viko vingine. Muhimbili ni cha serikali, na hata Zanzibar chuo kikuu cha serikali chasomesha madaktari.

Suala la mabinti nalo nimeulizwa mara nyingi, na jibu langu ni fupi. Mwezi wa Julai 1, 2022, katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, watoto mapacha waliozaliwa wameungana, Rehema na Neema, walitenganishwa na kikosi cha wataalamu, na miongoni mwa mabingwa waliosimama mbele katika kazi hiyo ni Dkt. Zaituni Bokhary, bingwa wa upasuaji wa watoto. Ni mwanamke. Kwa hiyo baba anayemtoa bintiye katika masomo ya sayansi kwa hoja kwamba kisu si kazi ya mwanamke, na atafute hoja nyingine.

Liko jambo jingine la nyumbani ambalo ni zito kuliko karo. Jirani mmoja katika mitaa yetu alipata mtoto wa kiume, nyumbani, kwa mkono wa bibi mzee. Siku ya pili mtoto hakupata choo, tumbo likajaa. Bibi akasema ni mchango. Zikaletwa dawa za kunywesha, kisha za kupaka, kisha hirizi. Hakuna aliyemfungua nepi akamtazama vizuri, maana angeona kwamba njia yenyewe haipo. Siku ya tano ndipo walipompeleka hospitali, utumbo ukiwa umekwisha kupasuka. Alizikwa siku ya saba, siku ambayo baba yake alikwisha kununua mbuzi wa akika.

Mtoto yule, lau angefika siku ya kwanza, kazi ya awali ilikuwa ni kumtoboa tundu la choo tumboni, kisha akakua, akatengenezewa njia ya kudumu baadaye. Ni kazi inayojulikana. Kila mkunga, kila bibi na kila nyanya apaswa kumtazama mtoto mara azaliwapo: mdomo, mgongo, kitovu, njia zote mbili za haja. Dakika moja yatosha. Akiona kasoro asimpe chochote mdomoni, amfunge vizuri apate joto, ampeleke. Tangu Juni 2025, lilipofunguliwa daraja la Kigongo na Busisi, hata ndugu zetu wa Sengerema na Geita hawana tena udhuru wa kungoja kivuko na mtoto mikononi. Ndugu wa Ukerewe bado wanaye ziwa kati, nao hawana budi kuwahi zaidi.

Nalitaja hili katika suala la kuajiri mabingwa kwa sababu moja ambayo daktari mmoja alinieleza. Alisema: "Maalim, kinachotuvunja moyo si mshahara peke yake. Ni kuletewa watoto ambao jana tungewaokoa." Mpasuaji anayezika kila wiki huondoka hata ukimjengea nyumba.

Sasa kijana wetu, na wenzio. Fizikia, kemia na baiolojia mnazosoma zina gharama, na kuna nyumba ambazo mtoto mwenye akili ya kupita wote amerudi kuuza dagaa mwaloni kwa kukosa nauli na ada. Nimeulizwa: je, zaka yafaa kumsomesha mwanafunzi wa udaktari? Imam Nawawi katika madhehebu yetu ya Shafii ameruhusu kumpa anayejishughulisha na elimu ya sharia ikiwa kazi ya kuchuma ingemkatisha. Ama elimu nyinginezo, maulamaa wana maneno. Akiwa ni fakiri kwa hali yake mwenyewe, hapo hupewa kwa ufakiri wake. Lakini kwa nini tujitie katika khitilafu, na mlango wa wakfu na sadaka u wazi? Kila msikiti una vibanda vya kupangisha au waweza kujenga kimoja. Misikiti mitano ya Ilemela ikiweka kodi ya kibanda kimoja kimoja katika mfuko mmoja, kwa mwanafunzi mmoja, kwa miaka yote ile niliyoihesabu hapo juu, na kukawa na wazee watatu waaminifu wanaosoma hesabu hadharani kila baada ya sala ya Idi, jambo hilo laweza. Sisemi wanafunzi kumi. Mmoja. Akimaliza, wa pili aanze.

Msimfunge kwa kiapo kwamba lazima atumikie Mwanza maisha yake yote. Mkataba wa miaka kadhaa watosha, na yaliyobaki yatategemea kama atakuta wenzake, vyombo, na watoto wanaoletwa mapema. Wazee wa msikiti wetu wa hapa wameniomba niliandike hili kabla ya mkutano wao baada ya Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Kijana aliyeuliza ameambiwa aje na cheti chake cha kidato cha nne, na dada yake aliye kidato cha pili aje naye.